Siku Niliyotaka Kuitwa Bosi

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi na moja, baba yangu alikufa kwa homa ya siku tatu, na kuanzia wiki ile shida ilinishika mkono ikanizungusha miaka mingi bila kuniachia: niliacha shule darasa la tatu, nikabeba samaki kichwani kutoka Baraka hadi Fizi juu mlimani (mlima ule mnaujua), nikavuta nyavu za watu, nikauza chumvi, vita ikaja nikavuka ziwa, nikakaa kambini upande wa Kigoma, nikarudi na sufuria moja na watoto wanne. Nimelala njaa, nimelala kwenye mvua, nimepigwa kofi na mtu niliyemzidi umri. Hayo yote nayasimulia bila kuinamisha macho. Lakini siku ya ndoa ya binti yangu Riziki, nikiikumbuka hata sasa, nainuka kwenye kiti nazunguka nyumba, nafungua mlango, naufunga, mke wangu ananiuliza, "Unatafuta nini?" Sitafuti kitu. Natafuta mahali pa kuweka uso.

Basi nitawasimulia mimi mwenyewe, maana najua mmeshasikia kwa wengine, na wengine wanaongeza (eti nililia, sikulia, yalikuwa maji ya ziwa).

Chanzo chake ni neno moja la Kingereza, neno fupi ambalo hata mtoto mwenye meno mawili analiweza. Bosi.

Mara ya kwanza nililisikia kule kambini. Kulikuwa na bwana mmoja aliyesimamia ghala la unga, jina lake silijui mpaka leo, kila mtu alimwita bosi, hata wazee wenye ndevu nyeupe walimwita bosi na kofia wamezishika mkononi. Hakubeba gunia hata siku moja. Kambi nzima ilikuwa vumbi, lakini viatu vyake vilikuwa safi, akinyoosha kidole gunia linaondoka, akikunja kidole gunia linarudi. Mimi nilikuwa kwenye foleni, naitwa kwa namba ya kadi. Na kabla ya kambi niliitwa "we wa samaki", na kabla ya hapo "we mutoto wa mujane". Mtu aliyeitwa hivyo nusu ya maisha yake, akisikia neno linalomnyanyua mwenzake namna ile, linamwingia mwilini kama malaria, unafikiri umepona kumbe limelala kwenye ini. Nikajiambia: ipo siku.

Tuliporudi Baraka, neno lilirudi na sisi. Waliobaki huku walikuwa na Kifaransa chao, kwao mwenye kazi ni patro, wakatucheka sana, "Angalia batu ya Kigoma na Kingereza yao!" Lakini haikupita miaka mingi neno likawashinda wao pia, likatambaa kila mahali. Wenye pikipiki ukipita tu, "Bosi, tunaenda?" Mama wa mandazi, "Bosi, ongeza moja." Askari kwenye kizuizi cha barabara akitaka kitu kwako anakuita bosi, na wewe ukitaka akuachie upite unamwita bosi, basi mnasimama pale mabosi wawili kwenye jua na hakuna mwenye kitu. Vijana ambao hata shati ni la kuazima wanaitana bosi asubuhi mpaka jioni. Na mtu akitoa maneno makubwa yasiyo na miguu, wanamwambia, "Sawa bosi," maana yake tumekusikia, endelea, hapa hakuna aliyeamini. Yote hayo niliyasikia kwa masikio yangu haya mawili. Lakini ndani ya kichwa changu alibaki yule wa ghala tu, na viatu vyake.

Sasa, nilifanya kazi, na hili sifichi. Sikusaidiwa na mtu. Nilianza na wavu mmoja uliochanika, nikaushona usiku na mchana, nikapata wa pili, nikaajiri vijana tukavua kwa boti za kukodi, nikanunua mota ya boti kabla sijawa na boti (watu walicheka, mota imekaa chumbani imefunikwa shuka kama mgonjwa), kisha nikaenda kwa Fundi Alimasi, yule mzee anayetengeneza maboti pale kwetu pwani, nikamwambia nataka boti kubwa ya mbao kuliko zote. Alitengeneza miezi mitano. Ilipokaribia kwisha, mchoraji akaja na kopo la rangi nyekundu akaniuliza, "Baba, niandike jina gani?"

Hapo ndipo. Kama kuna mahali ambapo ningeweza kurudi nikajifunga mdomo kwa kamba, ni hapo.

Mke wangu alikuwa amesimama karibu na ndoo yake, akasema andika Neema, au andika Mungu ni Mwema kama za watu wengine. Mimi nikasema: andika BOSS. Herufi kubwa, pande zote mbili, mtu akiwa Ubwari ng'ambo ya ghuba aisome. Na mchoraji alipomaliza, nikawaita wavuvi wangu wote nane na kapita wao, Shabani, anayewasimamia kazini, nikawaambia kuanzia leo humu hakuna tena baba wala mzee, mimi ni bosi. Wakatazamana. Shabani akasema, "Sawa bosi." Nikafurahi! Nikamgeukia mke wangu. Akasema, "Mi nitakuita vile nilikukuta," akajitwika ndoo akaenda.

Binti yangu Riziki alikuwa anaolewa Mboko, na kijana mmoja mwalimu, Yoshua, mtu mzuri, mtaratibu, nampenda. Ndoa ilipangwa saa tano asubuhi, tena pasta wa kule alikuwa ametuambia mapema kwamba saa nane kamili anapanda pikipiki anakwenda Uvira kwenye mkutano, mkichelewa basi mtangoja mwezi mwingine. Mwezi mwingine! Na watu wa Mboko walikuwa wameshapika. Ilikuwa majira ya mvua, barabara imekatikakatika, daraja moja lilikuwa magogo mawili tu na imani. Nikasema binti yangu hatapakiwa kwenye pikipiki kama gunia la muhogo, ataingia Mboko kwa maji, ndani ya boti mpya ya baba yake, kwaya inaimba, watu wote pwani wanasoma lile neno. Fundi Alimasi alinisikia akasema taratibu, "Boti haijalowana hata siku moja, unataka ianze na bibi harusi?" Nikamwambia, "Fundi, we fanya mbao, safari niachie mimi."

Lazima niwaeleze desturi ya pwani yetu, kwa yule asiyeijua. Boti ikiwa inatengenezwa nchi kavu, fundi anaacha tundu moja chini, upande wa nyuma, ili maji ya mvua yasilale ndani yakaozesha mbao. Kizibo cha tundu hilo anakichonga yeye na anakaa nacho mfukoni. Siku ya kushusha boti majini, mwenye boti anakwenda kwa fundi miguu mitupu, mbele ya watu wote, na kuku mkononi, anachuchumaa, anapiga makofi mara tatu, anasema, "Baba, nipe kizibo." Fundi anampa, anamwombea, kisha mwenye boti mwenyewe anaingia chini ya boti kwa tumbo, anakiweka kwa mkono wake na kukigonga kwa jiwe. Baada ya hapo ndipo mtu anaimba na watu wanasukuma. Awe tajiri, awe chefu wa kijiji, inafanyika hivyo. Nimeiona tangu nikiwa mdogo, na maboti ya wengine nimeyasukuma nikiwa nasubiri yangu.

Na siku yangu ilipofika, nilikuwa nimevaa suti.

Suti ya rangi ya majivu, viatu vya ncha, kofia. Asubuhi saa kumi na mbili nilikuwa nimeshaangalia saa mara ishirini. Naangalia ziwa, naangalia saa, naangalia barabara ya kwetu, Riziki hajatoka, bamama wa kwaya hawajafika, mmoja amesahau kitambaa amerudi, mwingine amemfuata aliyerudi. Pwani watu wamejaa, maana boti mpya na bibi harusi siku moja ni kitu cha kuacha shamba. Fundi Alimasi amekaa kwenye kibanda chake cha mbao, kama hatua hamsini, anangoja. Nikatazama matope yaliyokuwa mbele ya kibanda. Nikatazama viatu vyangu. Nikamwona, niwaambie ukweli, nikamwona yule wa ghala. Angechuchumaa yule? Nikamwita Shabani nikampa kuku.

"Peleka kwa fundi. Mwambie bosi anaomba kizibo kiwekwe, haraka, tunachelewa."

Shabani akaenda, akarudi na kuku. "Bosi, fundi anasema kuku ameiona, ila mwenye boti hajamuona."

"Hukumwambia tunachelewa?"

"Nimemuambia. Anasema boti haina saa. Anasema..."

"Wacha mambo ya kizibo, hayo niachie mimi! Nimeshapanga. Kuku mwachie pale pale. Bosi akisema twende, ni twende."

Shabani alinitazama kidogo, yule kijana niliyekaa naye majini miaka tisa, akafungua mdomo, akaufunga. "Sawa bosi."

Niwaambie nilichokuwa nimepanga? Hakuna. Kichwani mwangu niliona fundi akimaliza kununa atajikongoja mwenyewe akiweke, maana ni mzee wa watu, hawezi kuacha. Na Shabani (aliniambia baadaye) akafikiri nimechonga kizibo changu mwenyewe nyumbani, kwa sababu bosi amesema amepanga. Fundi naye akafikiri hakuna kichaa atakayesukuma boti ambayo yeye ana kizibo chake mfukoni. Watu watatu, kila mmoja amemtegemea mwenzake. Zamani, wakati naitwa mzee tu, Shabani angenishika mkono wa shati akaniambia mzee unakosea. Angefanya hivyo mbele ya watu na ningegomba naye na ningeenda kuangalia. Lakini nilikuwa nimemnunulia neno la kuninyamazia.

Riziki akatoka. Sitaieleza hiyo, kila baba ana yake. Gauni jeupe lilishonwa na mama yake kwa wiki sita. Tulimbeba kwenye kiti tukampandisha, tukampandisha mama yake, bamama saba wa kwaya, godoro, masufuria, mfuko wa unga, mfuko wa mchele, sanduku. Mimi nikapanda mbele kabisa, nikasimama. Mwenye boti anasukuma na wengine, hiyo pia ni desturi, lakini suti. Nikasimama pale kwenye pua ya boti mkono kiunoni, nikapiga kelele, "Sukuma!"

Hakuna aliyeimba. Kwetu boti inasukumwa kwa wimbo, ili mabega yote yaende pamoja. Walisukuma kimya, kila mtu na wakati wake, boti ikaenda upandeupande kama kaa, ikaingia majini ubavu kwanza, bamama wakapiga yowe, kisha ikakaa sawa, Shabani akaruka ndani akawasha mota, kwaya ikaanza kuimba, na pwani yote ikapiga vigelegele. Nikageuka kutazama. Nikamwona Fundi Alimasi anakuja mbio, yule mzee ambaye sijamwona akikimbia tangu tumerudi, ameingia majini mpaka magotini, ameinua mkono juu na mkononi kuna kitu kidogo, anapiga kelele, midomo naiona lakini sauti siisikii kwa sababu ya kwaya na mota. Nikasema moyoni: ona, amekubali, ananibariki.

Nikampungia mkono. Tena na kofia nikaivua.

Kitu cha kwanza kilikuwa baridi kwenye kiatu cha kushoto. Nikasema ni mawimbi. Kisha kiatu cha kulia. Nyuma yangu mama mmoja wa kwaya akaacha kuimba, "Baba Riziki, maji!" Nikasema bila kugeuka, "Ni ya mawimbi tu hiyo, kaeni!" Sauti ya pili ikaacha kuimba, ya tatu, mpaka ikabaki moja ya chini peke yake inaendelea na haleluya, na hiyo ikanyamaza. Nikageuka. Kandambili zilikuwa zinaelea. Mfuko wa unga ulikuwa umekaa kwenye maji na maji yamekuwa meupe kama maziwa, na katikati ya maziwa hayo amekaa binti yangu, amekusanya gauni mikononi mpaka kifuani, ananitazama. Heri angepiga kelele.

"Shabani! Geuza!"

"Bosi, mota imekunywa!"

Kweli mota ikakohoa mara mbili ikanyamaza. "Kizibo umeweka wapi?" Shabani akaniuliza, na mimi, mbele ya kwaya, mbele ya mke wangu, nikamwuliza, "Kizibo gani?"

Mungu ni mwema, hata kama sikumwandika kwenye boti. Ghuba yetu pale kina chake ni kifupi, mchanga unaenda mbali. Boti ilishuka polepole, kwa heshima, ikakaa chini, maji yakafika kiunoni, ikatulia. Kutoka pwani walikuwa wanaona nusu ya juu tu ya yale maandishi. Kwanza walituhesabu kama tuko salama. Walipoona wote tumesimama, wakaanza.

"Bosi anaoga!"

"Bosi, tulete sabuni?"

"Kwaya, imbeni ile ya Musa na bahari!"

"Hapana, ya Yona! Ya Yona!"

Nilitaka kushuka nimbebe Riziki, nikakanyaga ukingo uliolowa, viatu vya ncha havina shukrani, nikaenda chini chali na suti yote. Nilipotoka, kofia ilikuwa imeshaanza safari ya Mboko peke yake na kiatu kimoja kilibaki kwa samaki. Shabani ndiye aliyembeba bibi harusi begani. Mke wangu alipita karibu yangu, maji kiunoni, sufuria kichwani, akasema tu, "Baba Riziki, angalia saa."

Fundi Alimasi alikuwa amefika. Alisimama mbele yangu ndani ya maji, anahema, ameshika kile kijiti. Nikanyoosha mkono. Akakirudisha kifuani kwake.

"Chuchumaa."

"Fundi, tuko ndani ya maji!"

"Chuchumaa, mutoto wa Maria."

Aliposema jina la mama yangu, nilichuchumaa. Maji yalinifika kidevuni. Nikapiga makofi mara tatu (makofi ya ndani ya maji hayana sauti, yanarusha tu), nikasema baba nipe kizibo. Pwani yote ikapiga makofi na mimi.

Akanipa, akaniambia kwa sauti ya chini, yangu peke yangu, "Unafikiri hii iko ya kuninyenyekea mimi? Mutu akiingia chini ya boti kwa tumbo, ndio anaona mbao iko namna gani, kabla aweke batoto ya batu ndani. Ndio maana bazee baliweka hii desturi."

Nikakitia mfukoni, nikatazama saa. Saa mbili na nusu.

Tukapata pikipiki kumi na moja. Yaani binti yangu alipakiwa kama gunia la muhogo, na tope juu, na kila dereva, hata mmoja hakukosa, aliniuliza akicheka, "Bosi, tunaenda?" Njia nzima sikukaa sawa kwenye kile kiti, nageuka kuangalia nyuma kama pikipiki zote zipo, naangalia jua, namwambia dereva harakisha, nikiona shimo namwambia polepole. Kwenye yale magogo mawili tulishuka wote tukavuka kwa miguu. Mimi nilikuwa na kiatu kimoja. Nikakitupa mtoni.

Tulipofika Lusenda, karibu na kambi ya Warundi, Riziki alimpiga dereva wake begani akasimama. Gauni lilikuwa limekauka kwa tope la rangi ya tofali kutoka kifuani hadi chini. Akasema, "Hivi siendi." Ndiyo maneno ya kwanza aliyoyasema tangu asubuhi. Kando ya barabara alikuwepo mama mmoja Mrundi mwenye cherehani, hatukumjua na hakutujua, alimtazama Riziki, akainuka, akaenda ndani, akarudi na vitambaa vya sherehe vya kwao, vile wanavyofunga begani, vya rangi ya dhahabu. "Njoo ndani, binti. Na we mzee, kaa hapo."

Sikukaa. Nilitembea kutoka kwenye ile cherehani hadi barabarani, kutoka barabarani hadi kwenye cherehani. Mume wa yule mama alikuwa anatazama miguu yangu. Alikuwa mwalimu wa Kingereza kwao kabla ya kukimbia, mtu mpole, na dereva mmoja (mdomo wake hauna mlango) alikuwa ameshamsimulia yote. Akaniambia, "Mzee, lile neno unajua lilikotoka?"

Nikasema limetoka Kigoma.

Akacheka bila kunidharau. Akasema Waingereza wenyewe waliliokota kwa Waholanzi, watu wa meli, na kwao lilikuwa jina la kumwita nahodha. Wengine wanabahatisha kwamba zamani zaidi lilimaanisha mjomba, lakini hakuna mwenye hakika. Kisha lilivuka na meli hadi Amerika, na huko wafanyakazi walilipenda, unajua kwa nini? Kwa sababu neno lao la zamani la kumwita mwenye kazi lilikuwa lile lile ambalo watumwa walimwitia aliyewanunua, na wao hawakutaka kuinama hivyo. Wakasema tutakuita hivi, neno jipya, tusimame wima. Lakini Afrika ya kusini, akasema, neno hilo hilo la Waholanzi watu weusi walilazimishwa kulisema wakiwa wamevua kofia. Na siku hizi kuna vijana Uingereza wakiona chakula kitamu wanasema ni bosi. "Neno ni kama jembe, mzee," akasema, "kila mtu analima nalo shamba lake."

Nikauliza, "Na wenye kazi wa Amerika, waliitwa hivyo na watu, au walijiita?"

Akafikiri. "Nafikiri waliitwa."

Niliendelea kutembea, lakini sasa nilikuwa nafikiri. Neno lililookotwa na watu ili wasiiname, mimi nimelichukua niwainamishe watu nane waliokuwa tayari wananiheshimu.

Riziki akatoka. Juu ya lile gauni lililokaushwa na jua, zile nguo za Kirundi zilifunika tope lote. Alikuwa mzuri kuliko asubuhi. Nikamwambia yule mama nitazirudisha kwa mikono yangu. Saa saba ilikuwa imepita.

Mboko tulifika ikiwa imebaki dakika chache kufika saa nane. Pasta alikuwa ameshavaa koti la safari, pikipiki inaunguruma uani. Wakwe wamesimama mstari mmoja, nyuso kama zimepigwa pasi. Na kwetu, msafara wa bibi harusi ukichelewa hauketi, hakuna kiti, hakuna maji, mpaka mkubwa wao aseme mbele ya watu kilichowachelewesha. Aliyetoka kutuuliza ni shangazi mkubwa wa Yoshua, Mama Apolina, mwanamke mfupi, sauti yake inafika kabla yake.

"Mukubwa wa musafara ni nani?"

Watu wangu wote wakatazama chini. Nikasogea, miguu mitupu, suti imekunjamana kama kabichi. Nilikuwa nimeshatengeneza la kusema: barabara, daraja, mvua. Nani angekataa? Barabara ile inajulikana. Nikafungua mdomo, na nyuma yangu nikasikia sauti ya binti yangu, taratibu kabisa.

"Baba. Usiseme barabara."

Nikasimama pale. Pikipiki ya pasta inaunguruma, na mimi nilijua nikisema ukweli hawa watu wanaweza kusema ukoo gani huu, baba mwenyewe anazamisha mtoto kwa majivuno, ngojeni mwezi ujao tufikiri. Na nikisema uongo, Riziki ataingia nyumba hii na uongo wangu mgongoni, na kwaya nzima inajua.

Nikasema. Nikasema yote, tangu kopo la rangi. Nikasema nilikataa kuchuchumaa kwa ajili ya suti. Nilipofika mahali pa kumpungia fundi kofia, mtoto mmoja akacheka, kisha mwanamke mmoja, kisha pasta mwenyewe akazima pikipiki ili asikie vizuri. Nilipofika kwenye makofi ya ndani ya maji watu walikuwa wanashikana mabega. Mimi sikucheka. Nilimaliza, nikasema, "Ni hiyo tu. Kosa ni langu, binti hana kosa."

Mama Apolina alinizunguka, akanitazama miguu, akanitazama uso.

"Bakwe benyewe banadanganya hata namba ya mbuzi ya mahari," akasema. "Huyu anajivua nguo mbele yetu. Mutoto aliyelelewa mu nyumba yake hatatuficha kitu. Leteni viti! Na we Pasta, shuka kwa ile pikipiki, Uvira haihami!"

Akashuka. Saa nane na nusu binti yangu aliolewa.

Jioni, watu wakicheza, alikuja nilipokuwa nimesimama (sikuweza kukaa hata hapo) akanishika mkono. "Baba, leo nimeona haya mara mbili. Boti ilipozama, na kabla ya hapo, ulipomtuma Shabani na kuku. Ile ya maji imekauka na gauni. Hiyo nyingine utanikaushia we mwenyewe."

Wiki ile nilirudisha vitambaa Lusenda kwa mikono yangu. Nikavuta boti nchi kavu, ikakauka, nikaenda kwa Fundi Alimasi na kuku wa pili, miguu mitupu, asubuhi kweupe, watu wakiwa wamejaa kuliko siku ya ndoa, nikamrudishia kizibo, nikachuchumaa kwenye tope lenyewe, nikakiomba upya. Nilipoingia chini ya boti kwa tumbo niliona ubao mmoja una ufa mwembamba kama unywele, uliopasuka siku ile tuliposukuma bila wimbo. Tungetoka hivyo, ungefunguka tukiwa katikati ya ziwa. Nilikaa kule chini muda mrefu kuliko desturi inavyotaka. Fundi aliuziba siku mbili, ndipo tukasukuma, na mimi nimeweka bega, naimba.

Maandishi niliyakwangua. Mchoraji aliniuliza aandike nini badala yake, nikamwambia aache mbao, watu watasema wenyewe. Na naapa mbele yenu, sitajipa tena jina mimi mwenyewe, la Kingereza wala la Kibembe chetu, hata nikinunua meli. Wenye pikipiki bado wananiita lile neno, Baraka nzima, kila kona, na kila mara mguu wa kushoto unasikia baridi.

Leo nina nyumba ya matofali, mabati juu, vyumba vinne. Nina boti moja na mota moja, ile ile iliyokunywa maji, ilitengenezwa, inawaka ukiibembeleza. Nyavu tatu nzima. Mbuzi tisa. Michikichi upande wa barabara ya Fizi. Watoto sita walio hai, wajukuu watano, wawili ni wa Mboko. Mke mmoja. Na nina kapita, Shabani, ambaye juzi pwani, mbele ya wanunuzi wote wa samaki, aliniambia, "Mzee, hapo unasema ujinga, upepo huu hatutoki." Nikagomba naye sana. Kisha nikashuka kuangalia maji, na hatukutoka.